Nyaya Nyeusi za Ochola

Ochola hakuwahi kununua waya wa rangi. Nimekaa naye kibanda kwa kibanda hapa Dagoretti Corner miaka kumi na tisa, mimi nikishona viti vya pikipiki, yeye akifunga umeme, na sijawahi kumwona ameshika waya mwekundu, wala wa kijani, wala wa manjano. Pikipiki ikiingia kwake na nyaya zake za kiwandani, kila mmoja na rangi yake, ilitoka imevaa nyeusi tupu kuanzia taa ya mbele hadi ya breki. Ukimuuliza kwa nini, anakuambia mambo ya fundi ni ya fundi.

Sababu yenyewe haikuwa siri. Waya wa rangi unasomwa na kila mtu. Waya mweusi unasomwa na aliyeufunga peke yake, kwa hivyo mteja hana pa kwenda. Pikipiki ikimzimikia Karen au Kikuyu, atarudi kwa Ochola akiisukuma. Na kana kwamba hiyo haikutosha, ndani ya fungu alipitisha nyaya za uongo, mbili au tatu, zisizotoka popote wala kufika popote, ili fundi mwingine akithubutu kufungua apotee. Aliniambia hilo mwenyewe, akicheka hadi machozi. Mimi sikucheka.

"Jaduong', na siku wewe hauko?" nikamuuliza, nikimwita mzee kwa Kijaluo chake. "Hao watu watasaidiwa na nani?"

"Niende wapi? Wewe shughulika na matako ya watu, Muema. Hiyo ndiyo kazi yako."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilimkasirikia kila siku na kila siku tukala githeri kwenye sahani moja.

Yeye mwenyewe alizijua nyaya zake kwa kidole gumba. Karibu na ncha ya kila waya alitia alama kwa wembe, vikato vidogo ambavyo jicho halivioni: viwili, vitatu, kimoja cha mshazari. Akipitisha gumba la mkono wa kulia alijua huu ni wa honi, huu ni wa swichi, huu unatoka kwa betri. Alizifunga akitazama barabara, akipiga soga, bila kuangalia chini hata mara moja. Nilipenda kumtazama akifanya hivyo. Nasema mapema ili ieleweke kwamba sikukaa miaka yote hiyo na mtu nisiyemheshimu.

Sifa yake hasa ilitokana na rilei. Pikipiki ya zamani ina ugonjwa mmoja: umeme wa taa unapitia kwenye swichi ya usukani, kwenye nyaya nyembamba zilizozeeka, na kabla haujafika kwenye balbu umeshachoka. Taa inafifia kama koroboi, swichi inayeyuka. Dawa yake ni rilei, kidude cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja. Swichi inakitekenya kwa umeme kidogo tu, nacho kinafungua njia nyingine, pana, kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye taa. Kina miguu minne, na ukikosea mguu mmoja unachoma fyuzi, au unachoma pikipiki yenyewe.

Mafundi wengine hununua rilei mpya dukani. Ochola alizidharau. Alichukua zilizotolewa kwenye magari ya Japani yaliyochinjwa kwa ajili ya spea, na hakuamini namba zilizopigwa kwenye miguu yake, maana kila gari lina mpangilio wake. Alizijaribu kwa meno. Hapa Ngong Road kelele ni nyingi mno, huwezi kusikia rilei ikilia. Basi aliibana kwa magego, akagusisha nyaya mbili za betri, na kile kichuma cha ndani kikiruka alikisikia kwenye mfupa wa taya. Nzuri hupiga mara moja, ikanyamaza. Mbovu hutetemeka. Katika kumi, alibakisha nne, hizo nyingine akazitema kwenye ndoo kama mtu anayekula miwa.

Hujafa hujaumbika. Mwezi wa tatu, saa tano asubuhi, alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki ya Bwana Kibe, mwalimu mstaafu anayeishi Spring Valley, nikasikia koleo likianguka. Nilidhani amelitupa kwa hasira. Nilipogeuka, alikuwa ameegemea tangi kwa shavu, jicho moja limefumba. Presha. Alikaa hospitali wiki tatu, akarudi kwake Kangemi na upande mmoja wa mwili. Mkono wa kulia ulilala kwenye paja kama kitu cha mtu mwingine, mdomo ulikuwa umevutwa, na maneno yote yalikwisha isipokuwa "ba, ba, ba". Daktari alisema anaelewa tunayomwambia, ila ndiyo na hapana zimechanganyika kichwani. Ukimuuliza lolote, kichwa kinaitikia. Unataka chai? Kinaitikia. Hutaki chai? Kinaitikia.

Pikipiki ya Bwana Kibe ikabaki kibandani vile alivyoiacha. Ni mashine ya mwaka wa themanini na mbili, aliyoinunua alipoanza kufundisha, na alikuwa anaipenda kupita kiasi. Ochola alikuwa amempasulia fungu lote la nyaya ili aingize rilei mbili, moja ya taa na moja ya honi. Ncha ishirini na tatu zilining'inia chini ya tangi, nyeusi zote.

Kiwanja chetu ni cha Shosho Wamucii, bibi mzee ambaye familia yake ilikuwa hapa kabla ya hii barabara. Si mama mbaya. Lakini ana sheria yake moja, nayo haijawahi kupinda: kibanda kisichofanya kazi miezi miwili kinapewa aliye kwenye foleni. Miezi hiyo ilipotimia alikuja akasimama mbele ya ile pikipiki, akaitazama, akamtazama Ivyne, binti ya Ochola, aliyekuwa ameanza kuja kufungua kibanda cha babake kila asubuhi.

"Wewe unaweza hii kazi?" akamuuliza.

"Nimesomea electrical, Shosho. Miaka mbili, poly. Nimefanya wiring ya manyumba."

"Sikukuuliza umesomea nini. Hii pikipiki ya mwalimu ikitoka hapa ikiwaka, hiyo stall ni yako, sitasumbua mtu. Ikifika Saturday bado iko hapa, nitapatia ule kijana wa spea. Nimengoja ya kutosha, mami."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mama yake Ivyne, Peres, anauza omena, dagaa wadogo wa ziwa, soko la Kangemi, na omena haiwezi kulipia dawa za presha, mazoezi ya mkono na kodi ya nyumba kwa pamoja. Kibanda kikienda, hakuna kingine. Ivyne alilijua hilo, mimi nililijua, na nina hakika Ochola kwenye kiti chake alilijua kuliko sisi sote.

Umeme wa nyumba na umeme wa pikipiki ni ndugu, lakini si mapacha. Ivyne ni msichana makini, ana miaka ishirini na minne, hasemi sana, na alianza kama alivyofundishwa, kwa taa ya kupimia, akigusa ncha moja baada ya nyingine na kuandika kwenye daftari. Kufikia saa nane Jumanne alikuwa amechoma fyuzi mbili. Zile nyaya za uongo zilimla. Alifuata mmoja kutoka kwenye honi hadi chini ya kiti, nusu saa nzima, akaukuta umekatika ndani ya tepu, umefungwa vizuri, umekufa tangu siku ya kuzaliwa.

"Anko Muema," akaniambia, "kesho tumlete Baba."

Nikasema sawa. Nilikuwa na hasira na Ochola siku hiyo, hasira ya kweli, na nilitaka aje aone. Mungu anisamehe.

Jumatano tulimbeba kwenye teksi ya jirani kutoka Kangemi, tukapitia Kawangware, tukamweka kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda chake, mto nyuma ya mgongo. Mafundi walikuja mmoja mmoja kumsalimu. "Niaje, Jaduong'! Unakaa poa!" Waongo wakubwa. Yeye hakuwatazama; macho yake yalikuwa kwenye zile ncha.

Ivyne alianza na rilei. Alikuwa na saba kwenye sufuria, zote za magari ya kuchinjwa, na hakujua ipi ni nzima. Alipiga magoti mbele ya babake, akapangusa mate kwenye kidevu, akamwekea moja kwenye magego ya kushoto, upande uliobaki.

"Baba, uma. Kama ni mbaya, tema."

Akagusisha nyaya za betri. Uso wa Ochola haukubadilika. Kisha ulimi ukaisukuma nje ikamwangukia mapajani. Ya pili akaitema. Ya tatu aliibana, akafumba macho, na Ivyne alipogusisha mara ya pili bado aliibana, na ilibidi tumfungue taya taratibu kuitoa. Katika saba alibakisha mbili. Ivyne akazifungua zote kwa bisibisi ili ahakikishe: zile tano ndani zilikuwa zimeungua, au zina kutu, na mbili zilikuwa safi kama zimetoka kiwandani jana. Mafundi walikuwa wamekusanyika, na mmoja alipiga makofi. Ivyne alicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Hata mimi nilijiambia, kumbe mzee bado yuko humu ndani, tutafaulu.

Halafu tukampa nyaya.

Tulianza na mkono wa kulia, tukajua hautafaa. Ivyne alikichukua kile kidole gumba, akakipitisha kwenye alama za ncha moja, polepole, kama anayemfundisha mtoto kuandika. Kidole kilipita tu. Tukampa mkono wa kushoto. Huo ulikuwa hai, uliweza kushika kikombe, lakini maisha yake yote ulikuwa mkono wa kushikilia, kusoma haukuwahi kufundishwa. Uligusa waya, ukarudi, ukagusa tena. Nilimwona akikunja uso, akijaribu kusikia kitu kwenye kidole kisichojua kusikia.

"Baba, hapa kuna vikato viwili," Ivyne akasema. "Navisikia. Viwili ni nini? Ni battery?"

Kichwa kikaitikia.

"Ama ni switch?"

Kikaitikia.

"Ni ground?"

Kikaitikia, na macho yakaanza kujaa. Nikamwambia abane kidole changu kama ni kweli, aachilie kama ni uongo. Alikibana kwa kila swali, kwa nguvu, hadi kikaniuma. Ivyne akampa kalamu. Mstari aliouchora ulianza vizuri, ukateremka, ukatoka kwenye karatasi ukaendelea kwenye suruali yake. "Ba," akasema. "Ba, ba." Alikuwa anaeleza. Ukisikiliza sauti peke yake, ilikuwa ile ile ya fundi anayeeleza jambo rahisi kwa watu wagumu, ikapanda, ikashuka, ikasimama ili tujibu.

Mficha uchi hazai, husema wazee, na nilikuwa na methali hiyo mdomoni miaka kumi na tisa nikingoja nafasi ya kumrushia. Nafasi ndiyo hii ilikuwa imekuja. Nilienda nyuma ya kibanda changu nikajifanya natafuta uzi.

Alhamisi ikapita hivyo hivyo. Fyuzi ya tatu, ya nne. Mara moja taa iliwaka, tukashangilia, na Ivyne alipogusa honi taa ikazimika na moshi mwembamba ukatoka chini ya tangi. Alikata betri kwa wepesi, hakuna kilichoungua. Kijana wa spea alipita akitembea polepole, akipima kibanda kwa macho. Sikumlaumu, naye ana watoto.

Ijumaa asubuhi Ivyne alikuja na mfuko. Ndani yake kulikuwa na nyaya mpya: nyekundu, kijani, manjano, buluu, kahawia. Aliziweka chini, akakaa kando ya mfuko. Babake alikuwa kwenye kiti, ameziona.

"Anko," akasema kwa sauti ndogo, "hii nyingine siwezi. Nimejaribu. Nikitoa yote, nianze clean, kesho asubuhi itakuwa inawaka. Lakini ni kazi ya Baba. Sijui."

"Muulize mwenyewe," nikasema.

Akamsogelea, akamshika magoti. "Baba. Nataka kukata. Fungu lote, nitoe nyeusi zote, niweke mpya. Nikate?"

Kichwa kikaitikia.

Akanigeukia. Alikuwa ananiuliza kwa macho jambo ambalo sote wawili tulilijua. Nami, mtu mzima, mzee wa kanisa, nikasema, "Amekubali. Umeona amekubali."

Tepu ya Ochola ni ngumu, amezungusha mara nne, na makoleo yote pale yalikuwa butu. Mkasi wangu wa kukatia ngozi ya viti ndio pekee wenye makali. Nilimpa. Mkono wa kushoto wa Ochola ulikuwa juu ya fungu, pale kwenye tangi. Sijui alikuwa anazuia au alikuwa ameuweka tu. Niliuondoa mimi, nikauweka kwenye paja lake, nikaushikilia hapo, na Ivyne akakata.

Zilitoka kwa vipande. Za kweli na za uongo pamoja, huwezi kutofautisha. Rundo lilifika kwenye goti. Ochola hakulia, kama mtu atakavyotarajia. Alitazama kila kipande kikianguka, na alipoona kimoja kimeangukia kwenye matope alinyoosha mguu wake mzima, ule wa kushoto, akajaribu kukivuta karibu.

Ivyne alifanya kazi bila kula. Nyekundu kutoka betri kupitia fyuzi hadi kwenye rilei. Manjano kutoka swichi kuitekenya. Kahawia ardhini. Aliandika kila kitu kwenye karatasi, akaifunika na nailoni, akaibandika chini ya kiti ambacho nilikuwa nimekishona upya bila malipo. Saa kumi na moja jioni alizungusha ufunguo, akabonyeza swichi. Taa iliwaka nyeupe, ikapiga ukuta wa upande wa pili wa barabara ingawa jua lilikuwa halijazama, na haikuyumba alipopiga honi.

Jumamosi Bwana Kibe alikuja na kofia yake ya zamani mkononi. Alizunguka pikipiki mara mbili, akainama, akatazama zile rangi, akasoma karatasi chini ya kiti kama anayesahihisha mtihani. Kisha akamwendea Ochola, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili.

"Mzee, umezaa fundi," akamwambia. "Nilikuwa naogopa kwenda mbali na hii mashine. Sasa hata nikikwama Naivasha, mtu yeyote ataifungua na aielewe. Mtu yeyote."

Alisema kwa moyo safi, mwalimu yule, na hakuna aliyeweza kumkasirikia. Ochola alimtazama. Shosho Wamucii alisimama pembeni, akamwambia Ivyne alete kitambulisho Jumatatu waandikishane. Kijana wa spea alikuja kumpongeza. Nilitazama uso wa rafiki yangu nikitafuta furaha ya kupata kibanda, na labda ilikuwemo, kwa kuwa ni binti yake na anampenda. Mimi sikuiona.

Jumatatu nilipita kwao Kangemi kumchukua, kwa sababu Ivyne alitaka awe anakuja kila siku kumchagulia rilei. Peres alinifungulia, akiwa na kiatu mkononi.

"Shemeji, jaribu wewe," akasema. "Mimi nimeshindwa. Ule wa kulia nimemvalisha. Huu mwingine amekataa."

Nilipiga magoti. Mguu wa kushoto, ule mzima, ulikuwa umejikunja vidole kama ngumi. Nikaukunjua, ukajikunja. Nikausukuma ndani ya kiatu, ukakipiga teke, kiatu kikagonga mlango wa kabati. Nilikiokota nikajaribu tena, na mara hii aliniweka wayo kifuani, akanisukuma, si kwa nguvu, akauacha hapo. Tangu mwezi wa tatu tulikuwa hatujui kama anasema ndiyo au hapana. Nilijua sasa hapana yake ikoje, na nikajua kwamba Ijumaa hatukuitafuta mahali ilipokuwa.

Simu ya Peres ikalia. Aliiweka kwa spika ili aendelee kupepeta omena.

"Mum, anko amefika hapo? Mwambie wakuje haraka. Kuna pikipiki tatu alizofunga Baba zimeletwa asubuhi hii. Mwalimu amewaambia. Wote wanataka nitoe nyeusi, niweke za rangi."

Chumba chao ni kimoja. Hakuna ambacho Ochola hakukisikia.

"Babako ana homa kidogo," nikasema. "Leo apumzike."

"Pole. Mwambie pole." Nikasikia honi za Ngong Road nyuma yake. "Lakini wewe unakuja, anko?"

Nikasema nakuja. Nilibaki nimepiga magoti, nikamwambia Ochola nisamehe, nikamwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba asichokijua, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Aligeuza uso ukutani. Peres alichukua kiatu mkononi mwangu, akakiweka chini ya kitanda kando ya kingine alichokuwa amekwisha kumvua.

Nilikuwa nimefika barabarani ujumbe wa Ivyne ulipoingia. Alikuwa anauliza kama naweza kuwahi, na kama mkasi ninao.